Gongo linateleza mkononi: tufunge gripu gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Nawafundisha wasichana wa skuli mpira wa magongo. Gripu zetu, yaani tepe zinazovishwa mpini wa gongo, ni zile nyororo za kunata. Jua likikaza gongo huzunguka mkononi wakati wa kupiga, na wawili wameshatoka malengelenge chini ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Tubadilishe nini?
Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Hizo ni gripu za poliyurethani, aina ya plastiki. Mkono mkavu huzifurahia, lakini hazinyonyi maji: jasho hutanda juu yake na kuleta utelezi. Mafuta ya nazi yaliyobaki kiganjani huziharibu zaidi. Mchezaji akihisi gongo linamponyoka hulibana, na kule kubana ndiko kunakotoa malengelenge.

Kwa joto la visiwani chagueni shamoa, ile laini mithili ya ngozi. Hunyonya jasho, na ikipata unyevu kidogo hushika vizuri zaidi. Ina kasoro zake: huchakaa upesi, ikirowa chapachapa kwa mvua ya masika nayo huteleza, na ikifungiwa mkobani mbichi hunuka. Ianikeni kivulini kila baada ya mazoezi.

Lakini unene utangulie aina, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mkono wa kushoto ndio unaoligeuza gongo. Wa kulia hulegea ili lizunguke ndani yake. Gripu ikiwa nene kwa vidole vifupi, mtoto hawezi kugeuza haraka. Ikiwa nyembamba mno, atabana tena. Mwambie ashike kwa kushoto: ncha za vidole zikaribie nyama ya chini ya kidole gumba bila kuizamia. Na msiongeze tabaka ovyo, maana kwa kanuni gongo pamoja na vyote lilivyovishwa lazima lipite kwenye pete yenye upana wa ndani wa milimita 51.

Kufunga: chaneni gripu kuukuu yote, futeni gundi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acheni pakauke kabisa. Gripu mpya ikibandikwa juu ya gundi chafu au unyevu, itahama baada ya siku chache. Anzeni juu kwa ncha iliyochongoka, mkizungusha kuteremka huku mnaivuta kiasi. Kila mzunguko ulalie uliotangulia milimita 2 hadi 3. Ukilalia zaidi hutokea matuta yanayochubua. Ikilegea mahali, fungueni hadi hapo mrudie, msiiendeleze. Mwisho ukateni mshazari, kisha mzungushie tepu ya umeme mara mbili au tatu, bila kuacha ukingo ulioinuka, kwani mkono wa kulia hupita hapo.

SWALI: Shamoa hatuipati. Je, vipande vya tyubu ya baiskeli au gripu ya raketi ya tenisi vitafaa?
Msomaji, Mjini Unguja

JIBU: Tyubu hapana. Ikiwa kavu humng'ang'ania mchezaji mkono wa kulia asiweze kuligeuza gongo, na kwa jasho huteleza. Gripu ya tenisi inafaa, ila ni fupi: ya mita 1.1 hufunika takriban sentimita 24 tu za mpini. Anzeni nayo juu, mkono wa kushoto upate sehemu yake nzima. Chini ongezeni kipande cha gripu ya pili, na kiungo kikae katikati ya mikono miwili.