Kamati ya mtaa pamoja na watu wa kanisani: nijitoe?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Kisauni. Mtaani tumeunda kamati ya kuzibua mitaro kabla ya masika na kupeleka malalamiko yetu kwenye vikao vya bajeti ya kaunti. Tuko Waislamu, Wakristo na Mhindu mmoja mwenye duka. Kikao cha kwanza kilikuwa ukumbi wa kanisa, na mchungaji akafungua kwa maombi. Mzee mmoja msikitini ameniambia nijitoe, eti nimejichanganya na dini ya watu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Mwanangu, usijitoe.

Mzee wako usimvunjie heshima. Anachokilinda ni kitu cha thamani, ila amesimama mlango usio wake. Kabla hajapewa utume, Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria mkataba uitwao Hilful Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake Makka, akapanda jabali la Abu Qubays akalia hadharani. Wakuu wa koo wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Waabudu masanamu hao! Na baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba lau angeitwa tena kwa mkataba ule katika Uislamu, angeitikia. Hakuuliza waliokula kiapo wanaabudu nini. Aliangalia wanaapia jambo gani.

Na ile aya ya 2 ya Suratul Maida tunayoisoma kila harusi, "saidianeni katika wema na uchamungu", isome tangu juu. Inazungumzia watu waliowazuia Waislamu kufika Msikiti Mtakatifu, na hata hao tumekatazwa kuwavukia mipaka kwa chuki. Sembuse jirani anayekuazima jembe.

Nakumbuka masika moja maji yaliingia msikitini kwetu mpaka mikeka ikaelea. Aliyekuja na pampu ni fundi, mlokole wa nyumba ya tatu. Akavuta maji hadi Alasiri, akazima mashine ili tuswali barazani, akakaa kwenye ngazi na kikombe cha chai na mahamri yake, tulipotoa salamu akawasha tena. Sikumsikia yeyote siku ile akiuliza kama inajuzu.

Sasa maombi. Hapo ndipo pa kuchunga. Mchungaji akiomba kwa itikadi yake, wewe nyamaza. Usiitikie amina kwa maneno yanayogusa tauhidi, yaani upweke wa Mwenyezi Mungu, wala usitoke kwa kishindo ukiburuta kiti. Mkikubaliana iwe dakika ya kimya, kila mtu na Mola wake, ni bora zaidi. Kuhusu ukumbi, wasimulizi wa sira, yaani maisha ya Mtume, wametaja kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipokelewa ndani ya msikiti wa Mtume Madina. Chumba chenye viti vya plastiki na ubao wa chokaa si madhabahu. Ibada yao usishiriki, basi.

Na sisi watu wa Mombasa tunajua gharama ya kutokaa pamoja. Agosti 1997, ghasia za Likoni, jirani alimwogopa jirani. Leo masheikh na maaskofu wa Pwani hukaa meza moja katika baraza lao, lile linalojulikana kwa CICC, na sioni imani ya yeyote ikipungua. Katiba ya 2010 imelitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Ukikosekana kikaoni, mtaro utachorwa na waliokuja, na maji yatapita kwako.

Ninachokihofia mimi ni kingine: mwanasiasa atakayekuja na fulana na bahasha, awapange sheikh na mchungaji kwa picha, kisha apotee. Hilo kamati ilikatae mapema.

Pesa ziandikwe kwenye daftari kila mtu alione. Zaka usiipeleke kwenye mtaro. Ina makundi yake manane ya watu katika Suratut Tawba, na wanavyuoni wengi hawakuingiza humo ujenzi wa njia na mifereji. Toa sadaka.

Kikao msikiweke Ijumaa adhuhuri wala Jumapili asubuhi. Baada ya Isha ndiyo sawa. Na huyo mzee mwalike, mpe kiti cha mbele, ajionee mwenyewe.

Wallahu a'lam.