Jiko la Kuni au la Peleti?

Swali: Mhariri, tunataka jiko la kupasha nyumba joto. Tuchague la kuni au la peleti za unga wa mbao ulioshindiliwa?

Jibu: Ndugu msomaji, tazama kwanza umeme wenu, kwa kuwa jiko la peleti hutegemea mota inayosukuma peleti motoni na feni inayosambaza joto, hivyo umeme ukikatika nalo huzimika, ilhali la kuni huendelea kuwaka. Peleti bora zina unyevu usiozidi asilimia 10, ndiyo maana moshi wake ni mdogo. Kuni zikaushwe hadi chini ya asilimia 20, kazi inayoweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Mbichi, nasisitiza, msizichome kamwe, maana masizi yake huweza kushika moto ndani ya dohani. Umeme ukiwa wa uhakika na stoo ikiwa kavu, ningechagua peleti.