Wamenikata asilimia 20 kwenye 401(k): je, kodi imekwisha?

SWALI: Habari za kazi, dada. Nipo Fort Worth, Texas, nina miaka 43. Nimeendesha lori la kampuni kwa miaka tisa. Mwezi uliopita niliacha, na sasa najitegemea, nabeba mizigo kwa 1099, yaani kama mkandarasi huru. Mke wangu ni muuguzi aliyeajiriwa na tunafaili kodi pamoja. Kwenye 401(k), yaani akiba ya uzeeni, ya kampuni nilikuwa na dola 46,000. Niliomba zitolewe, na wiki mbili zilizopita nikapokea hundi ya dola 36,800, kwa sababu asilimia 20 wameikata kwa ajili ya kodi. Rafiki yangu anasema basi, kodi imeshalipwa, hela ni yangu. Anayetuandalia kodi anasema niitumie kama kianzio cha kununua lori langu, kisha niirudishe ndani ya siku 60 nikishalipwa mizigo ya kwanza, na kwamba rolova hiyo (kuhamishia hela kwenye akaunti nyingine ya uzeeni) itanipunguzia kodi ya kujiajiri. Naomba ushauri.

JIBU: Kaka, hesabu siku kwanza. Siku 60 zilianza pale hundi ilipokufikia mkononi, si pale ulipoipeleka benki. Wiki mbili zimeshakwenda, kwa hiyo umebaki na siku 46 hivi. Hela hiyo ikae benki, isiende kwa muuza malori.

Sasa nije kwa rafiki yako. Kauli hiyo ya "wamekata asilimia 20, kodi imekwisha" naisikia kila msimu wa kodi, kwa madereva, kwa wahudumu wa wazee, kwa walimu, hata kwa watu wenye shahada za uhasibu za nyumbani. Imewagharimu wateja wangu hela nyingi kuliko kosa jingine lolote ninalolijua. Ile asilimia 20 si kodi yako. Ni arubuni. Sheria inaulazimisha mfuko wa mwajiri kukata asilimia 20 ya kila hundi ya namna hii, awe mwenye nayo anapata dola 30,000 kwa mwaka au 300,000. Mfuko haujui mke wako anapata kiasi gani, haujui lori lako litaingiza nini, na hauna haja ya kujua. Hesabu yenyewe hufanyika unapofaili.

Tuifanye ya kwako. Tuchukulie kwamba kipato chenu kinachotozwa kodi kimeshavuka dola 100,800 hata kabla ya kuongeza hela ya 401(k). Huo ndio mstari ambao wanandoa wanaofaili pamoja huingia daraja la asilimia 22 kwa mwaka 2026. Kwa hiyo dola 46,000 zote (zote, si zile 36,800 ulizozishika) zinatozwa asilimia 22, yaani dola 10,120. Hujafikisha miaka 59 na nusu, basi unaongezewa asilimia 10 ya kutoa mapema, dola 4,600. Jumla 14,720. Walichokata ni 9,200. Utakapofaili mwaka 2027 utadaiwa dola 5,520 juu yake, wakati hela yenyewe imeshageuka kuwa matairi na bima. Na wewe uko Texas, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Msomaji aliyeko Minnesota aongeze ya jimbo lake. Aliyeko California aongeze ya jimbo pamoja na asilimia 2.5 nyingine ya kutoa mapema.

Mama mmoja anayehudumia wazee aliniletea barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, iitwayo CP2000 akidhani ni utapeli. Alikuwa ametoa 401(k) yake miaka miwili nyuma. Fomu 1099-R, inayoonyesha hela iliyotolewa, ilimfikia, na kwenye kisanduku cha 7 kulikuwa na namba 1, maana yake ametoa mapema bila sababu iliyoelezwa. Aliyemwandalia ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, hakuiingiza fomu hiyo kabisa. Alimwambia, "hii wameshakukata, haihitajiki." Lakini mfuko ulikuwa umepeleka nakala ile ile IRS. Kompyuta yao ikalinganisha karatasi mbili, ikakuta moja ina dola 31,000 na nyingine haina kitu. Tulikaa naye kwenye meza yangu tukipitia kurasa za barua ile mstari kwa mstari: kodi, asilimia 10, riba ya miaka miwili, na adhabu nyingine ya asilimia 20 ya kodi aliyopunguza kuitaja. Aliniuliza mara tatu, "Lakini si walikata?" Ndiyo, mama, walikata, na kile walichokata tulikihesabia. Hakikutosha.

Sasa mpango wa siku 60. Sheria ipo kweli: ukiirudisha hela kwenye akaunti ya uzeeni inayokubalika kabla siku hazijaisha, hutozwi kodi wala ile asilimia 10. Lakini anayekuambia ni mkopo wa bure hajakuambia urudishe kiasi gani. Unatakiwa kurudisha dola 46,000, si 36,800. Zile 9,200 ziko IRS, na pengo hilo unalijaza kwa hela yako ya mfukoni. Ukirudisha 36,800 tu, zile 9,200 zinahesabiwa kuwa umezitoa, na zinakula kodi ya dola 2,024 na nyongeza ya dola 920.

Halafu fikiria biashara yenyewe. Wewe ni mgeni kwenye mizigo ya kujitegemea. Madalali wengi wa mizigo hulipa siku 30 au zaidi baada ya kupokea ankara, na ukitaka hela ya haraka unaiuza ankara kwa kampuni inayokata asilimia yake. Dizeli utalipa leo. Injini ikigoma Oklahoma utalipa leo. Niambie siku ya 60 hizo dola 46,000 zitatoka wapi. IRS ina orodha ya sababu za kumsamehe aliyechelewa: hundi iliyopotea, kosa la benki, ugonjwa mzito, msiba wa ndani ya familia. Mizigo kuchelewa kulipwa haimo.

Inaniudhi zaidi kwa sababu njia halali ya kupata unachokitaka ipo, na huyo mtu wa kodi angeijua kama angesoma. Fungua solo 401(k), mpango wa mtu aliyejiajiri asiye na mfanyakazi mwingine isipokuwa mke au mume. Chukua EIN, namba ya kodi ya biashara, kisha tafuta kampuni ambayo hati za mpango wake zinaruhusu mambo mawili: kupokea hela iliyohamishwa kutoka 401(k) nyingine, na kumkopesha mshiriki. La pili uliza kwa kutaja, maana mipango mingi ya bure ya kampuni kubwa haina mkopo. Hela ikishaingia, sheria inakuruhusu kukopa hadi nusu ya salio, mwisho dola 50,000. Nusu ya 46,000 ni 23,000. Unairejesha ndani ya miaka mitano kwa mafungu sawa, angalau kila miezi mitatu, na riba unailipa kwenye akaunti yako mwenyewe. Hicho ndicho kianzio cha lori, bila kodi na bila ile asilimia 10. Ukishindwa kurejesha, salio la mkopo linageuka kuwa hela uliyoitoa, na hesabu yote ya juu inarudi. Kwa hiyo usikope zaidi ya kile ambacho lori linaweza kulipa katika mwezi mbaya. Na siku ukiajiri dereva wa pili wa muda wote, mpango huo hauwi tena wa mtu mmoja. Nitafute kabla hujamwajiri. IRA ya kawaida (akaunti ya uzeeni ya mtu binafsi) au SEP IRA (ya waliojiajiri) ni rahisi kuzifungua, lakini hazikopeshi hata senti.

Zile 9,200 za kujaza pengo tumieni akiba ya mama watoto kama mnayo, na si lazima msubiri hadi 2027 kuzipata. Kodi iliyokatwa kwenye hundi huhesabiwa kana kwamba ililipwa sawasawa mwaka mzima. Wewe uliyejiajiri unatakiwa kulipa kodi ya makadirio kwa awamu, 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Basi zile 9,200 zilizoko IRS zihesabu kwenye awamu hizo, na hela ambayo ungeipeleka huko irudishe kwenye akiba. Ukimaliza kuhamisha, tunza stakabadhi ya siku ulipoweka. Mwakani 1099-R itakuja inaonyesha umetoa 46,000, na ni juu yako kuandika kwenye ritani kwamba zilihamishwa. Mtu wa kodi akisahau neno hilo, CP2000 itakuja na kwako.

Kuhusu rolova kupunguza kodi ya kujiajiri, jibu ni hapana. Rolova haipunguzi kodi yoyote. Inakuzuia tu kudaiwa mpya. Hela ile ilishapata nafuu yake miaka ile ilipokatwa kwenye mshahara. Hata michango mipya, ambayo mwaka 2026 unaweza kuweka dola 24,500 kama mfanyakazi wa biashara yako na nyongeza kama mwajiri, inapunguza kodi ya mapato peke yake. Ile asilimia 15.3 ya kujiajiri inakokotolewa kwenye asilimia 92.35 ya faida ya lori, kabla mchango wa uzeeni haujatajwa. Kinachoipunguza ni gharama halali za biashara: dizeli, matengenezo, bima, uchakavu wa lori. Anayeandika mchango wako wa uzeeni kwenye Schedule C, fomu ya faida na hasara ya biashara, ili ionekane faida imeshuka anakutafutia ukaguzi.

Wewe ambaye ndio kwanza unaacha kazi na hujaomba hundi, usiombe ije kwa jina lako. Omba uhamisho wa moja kwa moja, hundi iandikwe kwa jina la kampuni inayopokea, kwa manufaa yako. Hata ikipita kwenye sanduku lako la barua haikatwi kitu, hakuna siku 60, na 1099-R itakuja na herufi G, alama ya uhamisho wa moja kwa moja. Ni simu moja ya dakika ishirini. Na kama unanunua bima ya afya kwenye soko la serikali kwa ruzuku, jua kwamba hela ya 401(k) unayoitoa inahesabiwa kuwa kipato, na ruzuku ya mwaka mzima inaweza kudaiwa irudishwe.

Nawaomba ndugu zangu, mwangalieni anayewaandalia ritani. Kila anayelipwa kuandaa ritani ya serikali kuu lazima awe na PTIN, namba ya mwandaaji kutoka IRS, na aweke saini yake. Kama ritani yako inasema "umejiandalia mwenyewe" na wewe ulimlipa mtu dola 300 sebuleni kwake, mtu huyo amekukimbia kabla tatizo halijafika. Anayetoza asilimia ya hela utakayorudishiwa, mwache.

Nyingine inayonifikia kwa sauti za WhatsApp ni ya kuhamishia 401(k) kwenye IRA ya kujiendeshea, kuiundia LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo), na kununua kiwanja nyumbani, Kigamboni au Kitengela. IRA kumiliki ardhi si marufuku. Tatizo ni nani anaitumia. Wewe, mwenzi wako, wazazi wako, watoto na wajukuu wako na wenzi wao hamruhusiwi kuigusa mali hiyo: si kulala, si kulima, si kuijenga kwa mikono yenu. Ukivunja hilo, akaunti nzima inahesabiwa kuwa imetolewa tangu tarehe 1 Januari ya mwaka huo, kwa thamani yake ya siku hiyo, pamoja na asilimia 10. Tena LLC ya Texas ni mgeni kisheria. Tanzania humpa mgeni ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na Kenya, tangu katiba ya 2010, humpa upangaji usiozidi miaka 99. Wauzaji wa mpango huu hawayataji hayo, kwa sababu wao wanalipwa siku ya kusajili LLC.

Kama umeshanunua kwa njia hiyo na nyumba imesimama, usimkabidhi ufunguo mzazi wala mtoto, hata kwa usiku mmoja wa msiba, mpaka wakili wa kodi asome hati zote.