Jibu: Mjusi mwenye ndevu na baridi ya Arusha

Mkuu, umesema mjusi wako mwenye ndevu (bearded dragon) hagusi chakula tangu Juni iingie, kasha lake la kioo liko dirishani na balbu inawaka usiku kucha. Kwanza, jua la dirishani halimsaidii. Kioo huzuia mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila hiyo hatengenezi vitamini D3, kalsiamu haifyonzwi, mifupa inalainika. Mguse taya taratibu: likibonyea au vidole vikitetemeka, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Weka tyubu ya UVB aina ya T5 (taa nyembamba ya fluorescent), iliyoandikwa UVB asilimia 10 hadi 12, sentimita 30 hadi 40 juu ya jiwe analootea joto, bila kioo katikati. Badilisha kila mwaka. Mwanga hubaki, UVB huisha.

Juu ya jiwe iwe nyuzi 38 hadi 42, upande wa pili 25 hivi. Pima pale mgongo unapokaa. Pakipoa chakula hakisagiki tumboni, ndiyo maana anasusa.

Usiku zima taa zote. Chumba kikishuka chini ya nyuzi 18, na Julai huko kwenu kitashuka, washa hita ya kauri isiyotoa mwanga, yenye thermostati (kifaa cha kudhibiti joto), kwenye holda ya kauri, yaani kishikio cha kuifungia. Ya plastiki itayeyuka.