Nairobi hadi New York: Saa za Tiketi Zisikudanganye

"Dada, tiketi inasema naondoka Nairobi saa tano na nusu usiku na kutua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kumbe ni saa saba tu?"

Msomaji mmoja ameniandikia hivyo wiki hii. La, mpenzi, ni kumi na tano. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kutua ni ya New York, na majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Ukishuka na kuambiwa ni alfajiri, mwili wako unajua ni saa nane na nusu mchana na haujalala vizuri.

Kutoka Jomo Kenyatta hadi JFK, uwanja wa ndege wa New York, ni takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja Oktoba 2018. Ukipitia Amsterdam zinakuwa kama 12,500. Ukipitia Dubai zinapita 14,500, maana unaanza kwa kuelekea kaskazini mashariki ilhali uendako ni magharibi. Halafu kuna kusubiri ndege ya pili, ambako kunaweza kumeza nusu siku.

Hayo ndiyo niliyoyaeleza kwenye kikundi cha familia nilipotaka kumleta mama huku Marekani. Nikaambiwa najidai. Eti nimeshaonja dola, sasa tiketi ya vituo viwili hainitoshi. Mjomba akaandika kwamba mama ana miguu, si gunia. Magoti ya mama yanamsumbua miaka yote hiyo, na anayeandika hivyo hajawahi kumpeleka hata kliniki! Nilinyamaza, nikafanya zamu za usiku, nikalipa mwenyewe ile ya moja kwa moja. Mwezi uliopita mama ametua, amevua viatu, ameuliza jikoni ni wapi. Picha wamezipenda wote. Pole sijaipata.

Basi ndugu zangu, msinunue tiketi kwa kutazama bei peke yake. Mwulize ajenti jumla ya muda wa safari, pamoja na kusubiri. Kwa mzee, omba kiti cha magurudumu siku ile ile unapokata tiketi, na umwambie ainuke atembee kidogo ndani ya ndege. Kama anaendelea Dallas au kwingineko, acha angalau saa tatu JFK: uhamiaji ni hapo hapo, na mabegi anayachukua na kuyakabidhi upya. Mzazi aliyekubeba mgongoni hastahili kulala kwenye benchi la uwanja wa ndege ili wewe uokoe hela ya simu mpya. Nimesema.

Na wewe uliyeniandikia, angalia tarehe yako. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba, New York husogeza saa mbele na tofauti inakuwa saba. Kurudi huwa kwepesi zaidi, kwa kama saa moja, kwa sababu upepo wa juu unasukuma ndege kuelekea mashariki.