Ndege ametaga pembeni mwa uwanja wa mpira: nimpige picha kutoka umbali gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasomea uongozaji watalii hapa Moshi, na nina kamera ya sensa ndogo yenye lenzi ya milimita 400. Pembeni mwa uwanja wa mpira jirani na kwetu kuna ndege wa miguu mirefu myekundu, utosi mweusi uliozungukwa na duara jeupe. Ametaga mayai matatu chini, kwenye udongo. Nikisogea anapiga kelele na kunirukia kichwani. Picha ninazopiga mchana hazina ukali hata nikitumia tripodi. Nisimame wapi, na vifaranga wakitoka nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jua, maana ndilo linaloharibu picha zako na ndilo linaloweza kuua mayai hayo.

Ndege huyo, Vanellus coronatus kwa jina la kitaalamu, hutaga mayai mawili hadi manne, mara nyingi matatu, kwenye kijishimo alichokikwangua ardhini. Jua likipanda, mtazame vizuri kwa darubini: utamwona amesimama juu ya mayai, miguu ameikunja nusu, mabawa ameyalegeza pembeni, mdomo wazi anahema. Hapo anayatia kivuli. Yai la ndege linahitaji joto la nyuzi 35 hadi 39 hivi, na udongo mtupu saa 7 mchana unaweza kupita nyuzi 50. Ukimwondoa kwa dakika chache asubuhi yenye mawingu, anarudi na hakuna kilichoharibika. Ukimwondoa mchana, dakika hizohizo zinaweza kumuua kifaranga ndani ya yai.

Na tripodi yako haina kosa. Ardhi ikishapata moto, hewa inayopanda inapinda mwanga, ileile inayoleta mazigazi kwenye lami, na lenzi ndefu inaukuza mtetemo huo pamoja na ndege. Hakuna mpangilio wa kamera unaouondoa. Fika saa 12:30 asubuhi, na ikifika saa 3 funga begi uondoke. Jioni rudi baada ya saa 11.

Umbali atakuambia ndege mwenyewe. Kwanza anainua shingo na kutulia tuli. Halafu anainuka na kuondoka kimyakimya, kichwa kakiinamisha, kama mtu asiyetaka kuonekana akitoka kikaoni. Kelele na kukurukia ni hatua za mwisho kabisa. Mpaka wako ni ile shingo: ikiinuka, simama, isiposhuka, rudi nyuma. Kwa miguu, anza na mita 30. Kwa lenzi yako, ndege wa sentimita 30 atachukua karibu robo ya kimo cha fremu, na hiyo ni picha nzuri yenye majani na udongo anamoishi. Kama gari linaweza kufika, ni bora zaidi, kwa sababu ndege wengi hawaliogopi kama wanavyomwogopa binadamu anayetembea. Zima injini, weka mfuko wa maharage kwenye dirisha, laza lenzi juu yake. Ukibaki ndani ya gari, mara nyingi utavumiliwa hadi mita 15, na hapo ndege anajaza zaidi ya nusu ya kimo cha fremu.

Usikate nyasi zinazokuziba, na usichomeke kijiti cha alama. Kunguru, mwizi wa mayai, anaona unapochutama na anaona ulichoacha. Kumbuka mahali kwa kuoanisha mlingoti wa goli na mti ulio nyuma yake. Usiende moja kwa moja hadi kwenye mayai ukarudi njia ileile, kwa sababu mbwa na nguchiro hufuata harufu, pita kando. Droni na sauti za ndege zilizorekodiwa, achana navyo kabisa msimu wa mayai.

Mayai huanguliwa baada ya wiki nne hivi. Vifaranga huondoka kwenye kijishimo ndani ya siku moja na kujidonolea chakula wenyewe; kazi ya wazazi ni ulinzi, joto na kivuli. Mzazi akitoa sauti ya hatari, kifaranga hujilaza kidevu kikigusa ardhi na hasogei hata ukiwa hatua moja kutoka kwake. Ukimwona hivyo, yuko kwenye hofu, na pengine nduguye yuko chini ya kiatu chako. Simama, kagua ardhi, rudi taratibu. Picha unayoitaka ni ya kifaranga anayetembea, na hiyo hupatikana kwa kulala kifudifudi sehemu moja na kusubiri waje. Kasi ya shata isipungue 1/1600 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe ya kujiendesha, fokasi kwenye jicho. Usimwokote aliye peke yake ukidhani ni yatima. Mzazi yuko karibu anakungoja uondoke.

Ukituma picha kwa marafiki, zima kwanza alama ya mahali kwenye simu. Na leo hii, kabla ya kamera, mtafute anayefyeka uwanja huo. Muombe aache kipande cha mita tano hivi kuzunguka mayai mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitoka apitie nyasi kwa macho kabla ya kufyeka, kwa sababu watakaa chini karibu mwezi mzima kabla ya kuweza kuruka.