Okidi ya chui: kibali kwanza, kisha mizizi

Dada, umeuliza kama unaweza kumtumia kaka yako aliye London okidi ya chui, na kwa nini mizizi yake inaoza. Usiitume bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini: okidi hii, Ansellia africana, imo katika Kiambatisho cha II, orodha ya spishi ambazo biashara yake huhitaji kibali, hata ikiwa zawadi ya shina moja. Kiombe kabla ya safari, pamoja na cheti cha afya ya mimea. Uingereza nayo hudai kibali cha kuingiza.

Kinachoozesha mizizi ni udongo, kwa kuinyima hewa. Ubinye kila mzizi: mzima ni mgumu, uliooza hubonyea na kutoa maji ya kahawia. Kata yote iliyooza kwa kisu kilichopitishwa motoni, uipande upya kwenye vipande vya mkaa na magome ya miti vya sentimita 2 hadi 3, usimwagilie siku 4.